Sayansi ya Kompyuta: Sayansi ya Nini?

Tahasusi ni PCM (fizikia, kemia na hisabati), alama ni nzuri, na ukoo mzima umeshaamua: mtoto akasome kompyuta. Lakini shahada ya "kompyuta" haipo. Ipo sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta, uhandisi wa programu, mifumo ya habari na teknolojia ya habari, matawi matano ambayo vyama vya kitaaluma vya ACM na IEEE viliyatenganisha katika mwongozo wa mitaala wa mwaka 2005.

Jina linalopotosha ni la kwanza. Tulilitafsiri kutoka Kiingereza pamoja na kasoro yake: linatuelekeza kwenye mashine, ilhali kiini cha fani ni ukokotoaji, yaani kulifikia jibu kwa hatua zilizo wazi na zenye mwisho. Hatua hizo ndizo algoriti, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Tuseme una majina milioni moja yaliyopangwa kialfabeti. Ukitafuta moja kwa kupekua tangu mwanzo, unaweza kuyapitia yote. Ukiigawa orodha nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha. Mwanasayansi wa kompyuta husomea kuthibitisha tofauti hiyo, na uthibitisho wake unasimama hata umeme ukikatika. Denmark walitambua hivyo mapema: mwanasayansi wa kompyuta Peter Naur alipendekeza jina datalogi, elimu ya data, nalo likashika. Neno tarakilishi, linalopendwa Kenya, ni zuri, ila nalo ni jina la mashine. Mimi ningesema sayansi ya ukokotoaji, maana "kokotoa" mtoto wetu analijua tangu darasa la hesabu shule ya msingi.

Majina mengine yanasema kweli. Anayetaka saketi na prosesa aende uhandisi wa kompyuta. Uhandisi wa programu ulipata jina na nguvu katika mkutano wa NATO huko Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati programu kubwa zilipokuwa zikichelewa, zikizidi bajeti na kuharibika; unafundisha kujenga programu kwa timu, kuipima na kuitunza kwa miaka. Mifumo ya habari hukaa karibu na biashara na uongozi, na teknolojia ya habari karibu na mitandao na seva za taasisi.

Kwa hiyo mwombaji asiishie kwenye jina. Afungue mtaala, aangalie mwaka wa kwanza na wa pili. Akikuta mantiki, seti, uwezekano na nadharia ya algoriti, hiyo ni sayansi ya kompyuta, na asiyependa kuthibitisha mambo kwa hisabati ataumia humo hata kama anapenda sana kuandika programu. Aangalie na muda: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sayansi ya kompyuta ni miaka 3, uhandisi wa kompyuta ni 4. Na kama ndoto yake ni kuitwa mhandisi, akumbuke kwamba Tanzania cheo hicho kinalindwa kisheria, na msajili wake ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Aulize mapema, kabla ya kujaza fomu, kama shahada anayoitaka inakubalika huko.