Ukuta wa Pua Uliopinda: Dalili, Athari na Hatua za Kupata Huduma Mkoani Tanga

Ukuta wa pua ni kizio kinachotenganisha mianzi miwili ya pua. Sehemu yake ya mbele ni gegedu na ya nyuma ni mfupa. Watu wengi wana ukuta usionyooka sawasawa bila kupata shida yoyote. Upindaji huhitaji matibabu pale unapozuia hewa na kuvuruga maisha ya mhusika.

Chanzo

Wapo wanaozaliwa na hali hiyo na wapo ambao ukuta hupinda kadiri wanavyokua. Wengine huipata baada ya kuumia, hususan katika ajali za bodaboda, kuanguka au michezo.

Dalili na athari

Dalili kuu ni pua kuziba, mara nyingi upande mmoja. Nyingine ni kutokwa damu puani, kukoroma na kuamka koo likiwa kavu kwa sababu ya kuhema kwa mdomo usiku. Mafua na mzio huzidisha hali hiyo. Vumbi nalo huwaongezea taabu wenye tatizo hili wanaofanya kazi katika viwanda vya mkonge na saruji.

Athari kubwa huonekana katika usingizi. Asiyelala vizuri hushinda na uchovu, na umakini wake kazini au darasani hupungua. Hata hivyo, ukubwa wa upindaji haulingani kila mara na mateso ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo, wataalamu hutumia pia dodoso la maswali matano kuhusu pua kujaa, kuziba, ugumu wa kupumua, usingizi, na kukosa hewa ya kutosha wakati wa mazoezi.

Matibabu

Dawa za kupuliza puani hupunguza uvimbe, lakini haziunyooshi ukuta. Vitone vya kuzibua pua vinavyouzwa katika maduka ya dawa visitumike kwa zaidi ya siku tano mfululizo, kwani baadaye huifanya pua izibe zaidi.

Upasuaji wa kunyoosha ukuta hufanyika kupitia ndani ya pua, hivyo kwa kawaida hauachi kovu usoni. Utafiti uliohusisha watu wazima 378 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, ulionesha kuwa baada ya miezi 6 waliofanyiwa upasuaji walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa pekee. Hata hivyo, upasuaji unaweza kuleta madhara kama kutokwa damu, maambukizi au tundu katika ukuta wenyewe.

Hali ya dharura

Pua ikiziba pande zote mbili na kuuma baada ya kuumia, hasa kwa mtoto, mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Damu iliyojikusanya ndani ya ukuta isipotolewa mapema huua gegedu, na pua inaweza kubonyea daima.

Kupata huduma

Mwananchi wa Pangani, Mkinga, Muheza au wilaya nyingine aanzie katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Rufaa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, na kwa huduma za kibingwa zaidi, KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mgonjwa amweleze daktari upande unaoziba, muda wa tatizo, jeraha lolote la zamani, dawa alizotumia na jinsi anavyolala.