Stashahada au shahada ya uzamili: Mhitimu achague ipi?

MHITIMU anayerejea nyumbani Kabati, Kitui Magharibi, akiwa na digrii lakini bila kazi, huzungukwa na ushauri wa kila aina. Mmoja humhimiza arudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Mwingine humwambia kwamba muda huo ni mrefu mno, heri atafute stashahada ya mwaka mmoja au cheti cha taaluma ili apate riziki mapema.

Washauri hao wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kuwa wamepotoka. Thamani ya karatasi ya masomo haipimwi kwa urefu wa jina lake wala kwa miaka iliyotumika kuisaka. Hupimwa kwa mlango inaoufungua. Na kila mlango una mwenyewe: pengine ni sheria, pengine ni bodi ya taaluma, na pengine ni mwajiri tu.

Hasara ya kuchagua vibaya si ndogo. Familia nyingi za sehemu hii ya Ukambani hutegemea ndengu, mbaazi, mbuzi na ng'ombe, na mvua yenyewe haina ahadi. Karo ya kozi moja yaweza kumeza mavuno ya misimu kadhaa, huku mhitimu akiwa bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB.

Ngazi za masomo

Kenya ilitunga sheria ya mfumo wa kitaifa wa kupanga sifa za masomo mnamo 2014, na kanuni zake zikatolewa mwaka wa 2018. Katika kanuni hizo, stashahada ya kawaida iliwekwa ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7. Stashahada ya uzamili, yaani ile isomwayo na mtu ambaye tayari ana digrii, iliwekwa ngazi ya 8. Shahada ya uzamili ilipewa ngazi ya 9, na ya uzamifu ngazi ya 10.

Kwa hivyo stashahada ya uzamili ni hatua moja juu ya digrii ya kwanza na hatua moja chini ya shahada ya uzamili. Haifai kuchanganywa na stashahada ya kawaida, ambayo mtu huisomea baada ya kidato cha nne.

Hata hivyo, ngazi peke yake haimwambii msomaji kitu kuhusu ajira. Ipo karatasi ya ngazi ya 8 inayompa mtu kazi ambayo mwenye ngazi ya 9 hawezi kuigusa, na ipo nyingine ambayo mwajiri huitupia jicho mara moja kisha akaiweka kando.

Pale stashahada inapokuwa ufunguo

Mfano wa karibu zaidi ni ualimu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ya mwaka wa 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Mwenye digrii ya sanaa au ya sayansi ambaye hakusomea ualimu hasajiliwi, hata akiwa hodari wa hisabati kiasi gani. Anayemwokoa ni stashahada ya uzamili ya elimu, kozi ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwaka mmoja wa masomo pamoja na mazoezi ya kufundisha shuleni.

Mtu huyo huyo akitumia miaka miwili kusaka shahada ya uzamili ya kemia badala ya stashahada hiyo, atakuwa msomi mkubwa zaidi wa kemia, lakini kwa TSC bado si mwalimu.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Anayetaka kufundisha shule ya sekondari hutakiwa awe alipata angalau gredi ya C+ kwa jumla katika mtihani wa KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Chuo kikuu kinaweza kumpokea mwanafunzi, kikachukua karo yake na kumtunuku stashahada, kisha TSC ikamkataa kwa sababu ya alama za kidato cha nne. Matokeo hayo yanafaa kuangaliwa kwanza, kabla ya fomu ya kujiunga na chuo kujazwa.

Usajili nao si ajira. Shule za sekondari ya msingi zilipoanza Januari 2023, walimu wengi waliosajiliwa walichukuliwa kwanza kama wanagenzi, wakalipwa posho badala ya mshahara kamili. Stashahada humwingiza mtu kwenye foleni, haimwondoi.

Sheria ni mfano wa pili. Digrii ya sheria haimruhusu mtu kusimama mbele ya hakimu katika mahakama ya Kitui na kumtetea mteja. Ni lazima aende Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, kilichoko Karen, Nairobi, asomee stashahada ya uzamili, apite mitihani ya masomo tisa, na afanye uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Shahada ya uzamili ya sheria, hata ikitoka chuo maarufu cha Uingereza, hairuki hatua hiyo.

Wa tatu ni uhasibu. Bodi ya mitihani ya KASNEB ilianzishwa mwaka wa 1969, na mitihani yake ya CPA ndiyo njia ya kuingia katika Taasisi ya Wahasibu, ICPAK. Chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, mwenye digrii ya biashara hawezi kutia sahihi hesabu zilizokaguliwa kwa nguvu ya digrii hiyo pekee. Faida yake ni kwamba huweza kusamehewa baadhi ya karatasi za CPA ambazo tayari alizisoma chuoni.

Usimamizi wa wafanyakazi umefuata mkondo huo tangu sheria ya taaluma hiyo ilipopitishwa mwaka wa 2012. Mhitimu wa nyanja hiyo sasa hutarajiwa kupita mitihani ya taaluma na kusajiliwa.

Pale shahada isipokuwa na mbadala

Upande wa pili wa sarafu unafaa kutazamwa vilevile. Kuna kazi ambazo hata vyeti kumi vikirundikwa pamoja haviwezi kuchukua nafasi ya shahada.

Anayetaka kuwa mhadhiri, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kule Kwa Vonza, atahitaji shahada za juu. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mnamo 2014 viliifanya shahada ya uzamifu kuwa sifa ya kawaida ya mhadhiri. Stashahada ya uzamili haihesabiwi katika mizani hiyo.

Uhandisi pia una mlango wake. Bodi ya Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2011, husajili wenye digrii za uhandisi inazozitambua. Fundi mwenye stashahada anaweza kuwa stadi kuliko mhandisi, lakini usajili wake uko kwingine, chini ya sheria ya mateknolojia na mafundi wa uhandisi ya 2016.

Hata siasa ina sharti lake. Sheria ya Uchaguzi inamtaka mwaniaji wa ugavana awe na digrii kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa. Anayeota kuiongoza kaunti ya Kitui au Makueni hawezi kuwasilisha stashahada mahali pake.

Kupanda cheo

Kwa aliyekwisha kuajiriwa, swali hubadilika. Hatafuti tena kuingia, anatafuta kupanda.

Katika utumishi wa umma, kozi fupi huwa na uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chuo cha Serikali cha Kenya, KSG, ambacho chimbuko lake ni taasisi ya utawala iliyofunguliwa Lower Kabete mwaka wa 1961, hutoa kozi ya usimamizi ya wiki nne na ya uongozi ya wiki sita. Miongozo ya vyeo vingi vya serikali huzitaja kozi hizo kama sharti la kupandishwa. Afisa anayezikosa anaweza kupitwa na mwenzake mwenye digrii moja tu. Vyeo vya juu kabisa, hata hivyo, mara nyingi huitisha shahada ya uzamili pamoja na kozi hizo.

Kwa walimu, mwenye stashahada ya kufundisha sekondari huanzia gredi ya C1, na mwenye digrii huanzia C2. Lakini chini ya mwongozo wa TSC ulioandamana na mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, kupata karatasi ya juu zaidi hakumpandishi mwalimu moja kwa moja. Nafasi lazima iwepo, na utendakazi wake upimwe. Mwalimu anayejinyima likizo za Aprili, Agosti na Desemba ili asome hana budi kulijua hilo mapema.

Kwa wauguzi, kama wale wa Hospitali ya Misheni ya Muthale katika Kitui Magharibi, stashahada ya juu ya kuhudumia wagonjwa mahututi au ya kazi za chumba cha upasuaji humpa mtu ustadi unaotafutwa mara moja. Digrii ya uuguzi humfaa zaidi anayelenga usimamizi au kufundisha. Zote mbili zina mahali pake, mradi mhusika ajue anakoelekea.

Daraja, si mwisho

Stashahada ya uzamili ina faida nyingine isiyotajwa sana. Mtu aliyepata digrii ya daraja la chini hukataliwa na vyuo vingi anapoomba nafasi ya shahada ya uzamili. Baadhi ya vyuo humkubali akiwa amesomea kwanza stashahada ya uzamili katika nyanja hiyo.

Ng'ambo, mpango huo ni wa wazi zaidi. Nchini Uingereza, cheti cha uzamili huwa na alama 60 za masomo, stashahada 120 na shahada ya uzamili 180. Mwanafunzi akiishiwa na fedha katikati, vyuo vingi humtunuku alichokwisha kukifikia. Marekani pia hutoa vyeti vya uzamili vya kozi chache, ambazo baadhi ya vyuo huzihesabu mtu anapoendelea. Mkenya anayevipata ahakikishe vinatambuliwa nyumbani kabla ya kuvitegemea.

Tahadhari ya vyeti bandia

Tamaa ya karatasi imewatumbukiza watu wengi shimoni. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua vyeti 2,067 vya kughushi. Anayeajiriwa kwa cheti cha aina hiyo huhatarisha kazi, uhuru wake na hata mshahara aliokwisha kuutumia, kwani serikali huweza kuudai urudishwe.

Yupo pia anayedhulumiwa bila hatia: amesoma kwa bidii katika chuo halali, lakini kozi yenyewe haikuidhinishwa na bodi ya taaluma yake. Kwa mwajiri, karatasi yake haina tofauti kubwa na isiyokuwepo.

La kufanya kabla ya kulipa karo

Njia nyepesi ni kuanzia mwisho. Mhitimu atafute matangazo matatu au manne ya kazi anayoitamani, asome masharti yake neno kwa neno, na aandike karatasi inayotajwa katika yote. Hiyo ndiyo ya kusomea, iwe ni cheti cha wiki sita au shahada ya miaka miwili.

Kisha aiulize bodi ya taaluma, wala si chuo, iwapo kozi hiyo inatambuliwa. Chuo ni muuzaji, na muuzaji hasemi bidhaa yake ni mbovu. Ajibiwe kwa maandishi.

Mwisho ahesabu gharama yote: karo, nauli, chumba cha kupanga, na mapato atakayoyakosa akiwa darasani. Chuo kilicho karibu hupunguza mzigo huo. SEKU, kilichoanza kama chuo kishiriki mwaka wa 2008 mahali palipokuwa taasisi ya kilimo iliyojengwa kwa harambee na kikapata hati yake 2013, kimewaondolea vijana wa Kitui na Makueni sehemu ya safari za Nairobi.

Pasipo na sheria wala bodi inayoitaka karatasi fulani, uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja mara nyingi huzidi stashahada ya mwaka mmoja. Palipo na sheria, hakuna uzoefu utakaoivunja. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kuelezwa ni lipi kati ya hayo mawili analolipia.