Saikolojia ya Mahakama, Si ya Wahalifu Peke Yao

Ukimwambia mtu kwamba umesomea saikolojia ya jinai, atakuuliza kama unaweza kumtambua mwizi kwa kumtazama usoni. Kosa si lake, ni la jina. Jinai imemwelekeza kwa mhalifu, naye akaishia huko.

Istilahi ya kigeni tunayoitafutia Kiswahili, forensic, imetokana na forum ya Kilatini, uwanja wa Roma ambako watu walifanya biashara na kesi zikasikilizwa. Wazee wetu wangeliona neno hilo wangesema: kumbe ni baraza. Basi elimu hii ni ya saikolojia inayoitwa mbele ya hakimu, awe anayezungumziwa ni mshtakiwa, mtoto anayegombewa na wazazi au shahidi. Ndiyo maana napendelea saikolojia ya mahakama. Saikolojia ya jinai naliachia tawi linalouliza kwa nini mtu huvunja sheria: malezi, ulevi, marafiki, maradhi.

Tumchukue shahidi. Mwaka 1974, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwamo kwenye filamu. Hata hivyo, kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa kitenzi cha kawaida, 7. Mhalifu hayumo katika habari hii, lakini kila wakili anayehoji anahusika.

Kwa mshtakiwa, maswali ni mawili na watu huyachanganya sana. Alikuwa na akili timamu alipotenda? Na leo, je, anaweza kuifuatilia kesi yake na kujitetea? Mtu aliyetenda akiwa mzima anaweza kuugua rumande, na aliyekuwa hajitambui siku ile anaweza kusimama kizimbani akiwa amepona kabisa. Tanzania, wa kupimwa akili hupelekwa taasisi ya Isanga, Dodoma.

Nakiri jina ninalolipendelea linapwaya kwenye tiba ya wahalifu, kwa kuwa nyingi hufanyika hukumu ikishatoka. Wanasaikolojia Andrews na Bonta wa Kanada walishauri nguvu zaidi zielekezwe kwa wafungwa walio karibu zaidi kurudia kosa, tena kwa yale yanayowasukuma. Hiyo ni kazi ya gerezani, si ya kizimbani. Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo. Mwanasaikolojia akifika pale langoni, hana haja ya kueleza amefuata nini.