Makaburu ndani ya Lethal Weapon 2

Wadau, wengi tunaikumbuka Lethal Weapon 2 (1989) kwa milipuko na utani wa Mel Gibson na Danny Glover. Hebu iangalieni tena. Majambazi ni wanadiplomasia wa makaburu wa Afrika Kusini walioko Los Angeles, na buti la gari lao limejaa Krugerrand, sarafu za dhahabu ambazo Marekani ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwake mwaka 1985. Polisi hawawezi kuwagusa, wana kinga ya kibalozi. Ujasiri wa Hollywood? Si sana. Bunge la Marekani lilishapitisha vikwazo mwaka 1986, likiipiku kura ya turufu ya Reagan.

Glover, aliyeigiza kama Mandela mwaka 1987, anaingia ubalozini akijifanya anataka kuhamia Afrika Kusini. Kichekesho kweli! Lakini raia mwema wa Afrika Kusini tunayepewa ni Rika, sekretari mzungu wa ubalozi huo. Mweusi wa Soweto hana nafasi. Kaburu mkuu anauawa na polisi wa Los Angeles. Mwaka huohuo, vijana wa ANC walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro.