Pindo la Herufi

Mkeka una sheria moja isiyovunjika: ukindu ulio juu huonekana, wa chini hujificha. Msukaji wa Kilwa Kivinje akitaka kutia jina kwenye mkeka wake, hana kalamu ya kukunja mstari. Ana vipande vidogo tu, vyenye rangi na visivyo na rangi, na mviringo wa O ataupata kwa kupanda ngazi na kushuka ngazi. Ndiyo maana anayeniuliza pikseli ni nini huwa namwonyesha mkeka kabla ya skrini.

Pikseli ni kipande kidogo kabisa cha picha ya kompyuta. Neno limeshakaa vizuri katika Kiswahili, nami silifukuzi. Fonti nayo tumeizoea, ingawa “hati” ilitangulia na bado ni nzuri. Linalonisumbua ni serifi, yaani kile kistari kinachofunga ncha za herufi, kama juu na chini ya I vitabuni. Wapo watakaopenda “kisigino”, lakini serifi hukaa kichwani pia. Mimi nasema pindo. Kanga ina pindo pande zote, nalo ndilo linaloonyesha nguo inapokoma. Tuseme basi “herufi zenye mapindo”, na zile nyingine “herufi zisizo na mapindo”.

Kulitia pindo hilo kwenye pikseli ni kazi ngumu. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na pikseli 512 kwa 342, kila moja ama nyeusi ama nyeupe. Kwa skrini hiyo Susan Kare alichora fonti kadhaa, na mojawapo yenye mapindo ikaitwa New York. Kitabuni pindo huwa jembamba kuliko nguzo ya herufi. Hapa nguzo ya herufi ndogo ina upana wa pikseli moja, na nusu ya pikseli haipo. Pindo likaja na unene uleule wa nguzo. Tazama m: nguzo tatu, nafasi finyu. Ukizipa zote mapindo kamili, yatagusana chini na herufi itaonekana kama uzio. Mchoraji hulazimika kuamua lipi libaki.

Wachongaji wa sarafu za shaba za Kilwa ya kale walibanwa hivyohivyo. Kwenye kiduara kidogo walitia jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kinacholingana na jina hilo.

Leo fonti za pikseli zenye mapindo zinapendwa kwenye michezo ya kompyuta, majalada na mabango. Kichwa cha habari cha maneno matatu hupendeza sana. Ukurasa mzima huchosha macho. Na ukiikuza fonti ya namna hii, ikuze mara mbili, mara tatu, mara nne kamili. Ukiikuza mara moja na nusu, ngazi zake hupotoka na mapindo hufifia.