Sami-sami: wekundu wa ushanga wa kioo unaotoka kwa moto wa pili

Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanika kule Karagwe, Novemba 1861, mizigo ya misafara ilikuwa na shanga nyingi. Iliyosumbua watu zaidi ni ile nyekundu yenye moyo mweupe, sami-sami. Richard Burton, aliyeandika majina yake mwaka 1860, anataja moja lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. Msafara uliobeba shanga ambazo watu hawazitaki ulilala njaa, maana hakuna aliyekubali kuwauzia chakula.

Shanga hizo zilitoka Venice, na wekundu wa nyingi kati yake ulikuwa wa dhahabu. Ndiyo, dhahabu, ila kidogo sana. Zilikatwa kutoka kwenye mirija, hazikuzungushiwa kwenye tochi, lakini kioo cha namna hiyo bado kipo na anayetengeneza shanga leo anahangaika nacho vilevile.

Anayejifunza anachukua kijiti cha kioo chekundu, anakiyeyusha kwa tochi ya gesi, anakizungushia kwenye waya wa chuma uliopakwa udongo, na wekundu wote unapotea. Kinabaki kitone cheupe kama kioo cha dirisha. Wengi wanadhani wameuziwa feki. Wengine wanaongeza moto, na hapo ndipo wanaharibu.

Sababu ni hii. Ndani ya kioo hicho kuna dhahabu, shaba au fedha iliyoyeyuka humo. Kioo kikiwa cha moto sana, madini yametawanyika na jicho halioni kitu. Kikipoa kidogo kisha kikapashwa tena taratibu, madini hujikusanya kuwa chembe ndogo mno, na chembe hizo ndizo zinazotoa rangi. Dhahabu huleta wekundu wa waridi, shaba wekundu mzito, fedha njano. Nyekundu na machungwa nyingine ni za kadimiamu na seleniamu, nazo pia huamshwa kwa joto.

Kwa hiyo maliza umbo kwanza. Kisha toa ushanga motoni, endelea kuuzungusha mpaka ule mng'ao wa kaa uishe. Usiuache upoe kabisa, utapasuka. Urudishe pembeni mwa moto, mbali na kile kiini kikali, bila kuacha kuzungusha. Rangi inapanda huku unaiangalia. Ikipitiliza inageuka kahawia kama ini. Unaweza kuuyeyusha upya na kuanza tena, lakini si kila kioo kinakubali. Vingine vinabaki na ukungu, na gesi imeshakwenda.

Hapa kuna mtego: vioo vingi vya rangi hizi vikiwa vya moto huonekana vyeusi kuliko vitakavyokuwa baadaye. Usihukumu rangi ushanga ukiwa bado motoni. Na kwa kuwa ushanga lazima ukapumzike kwenye tanuru la nyuzi 500 hivi ili usipasuke, joto la humo nalo linaweza kukoleza rangi. Mafundi wengi huutoa kwenye tochi kabla wekundu haujafika wanapoutaka.

Moto nao uwe na oksijeni ya kutosha. Moto wenye gesi nyingi huacha utando wa kijivu juu ya kioo cha shaba au fedha. Kama ni kadimiamu, fanyia kazi penye hewa inayopita. Moshi wake ni sumu.

Halafu unene. Kioo chekundu kinachopitisha mwanga kikiwa kinene kinaonekana cheusi tu. Dawa yake ni ileile ya Venice: anza na kiini cheupe, juu yake paka tabaka jembamba la rangi. Weupe unarudisha mwanga, wekundu unawaka, na dhahabu inatumika kidogo.

Kioo cha chupa hakina madini hayo, hata ukipashe mara ngapi. Shanga za Arusha na Kitengela, Kenya, zinazotengenezwa kwa kioo kilichotumika, ni nzuri kwa namna yake, lakini usichanganye kioo cha chupa na vijiti hivi kwenye ushanga mmoja. Havitanuki sawa vikipata joto, na ushanga unaweza kukatika hata siku kadhaa baada ya kumkabidhi mteja.