Mkondo wa Marangoni katika tone

Mkondo wa Marangoni ni mzunguko wa kiowevu unaotokana na tofauti za mvutano wa uso, mara nyingi kwa sababu ya joto. Umepewa jina la Carlo Marangoni, mwanafizikia Mwitalia aliyechapisha utafiti wake mwaka 1865.

Embu na Meru, kaunti za kahawa chini ya Mlima Kenya, mfano wake uko mezani. Tone la kahawa likidondoka kwenye sinia ya bati yenye moto, ukingo wake mwembamba hupata joto upesi, huku kilele kikipozwa na uvukizi. Maji yakipata moto, mvutano wake hulegea: takriban milinyutoni 72 kwa mita kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, 59 tu kwenye 100. Basi uso wa tone huvutwa kutoka ukingoni hadi kileleni, kiowevu kikazama katikati na kurudi pembeni kikipitia chini. Juu ya plastiki, isiyopitisha joto vizuri, mzunguko huweza kugeuka.

Pete ya kahawia inayobaki tone likikauka isichanganywe na mkondo huu. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake, Chicago, walieleza kuwa ukingo ulionata hupoteza maji upesi, na maji yanayokwenda kuyafidia hubeba chembe. Mkondo wa Marangoni wenye nguvu huzirudisha chembe katikati. Katika maji, uchafu kidogo usoni hutosha kuudhoofisha.